Kidato cha Sita

Mimi ni mwashi. Kazi yangu tofali na saruji.
Kwa akina Hoekema, kule Friesland,
nimeitwa mara tatu kwa kazi ile ile:
kuongeza kidato mbele ya mlango.

Nyumba haijapanda, mtu asije akadhani.
Nyumba imesimama juu ya magogo ya msonobari
yaliyopigwa chini hadi kwenye mchanga mgumu.
Kinachoshuka ni ardhi.
Babu yake Gosse alitoka nje kwa hatua moja,
ndoo mkononi, macho kwa ng'ombe.
Baba yake alihitaji vidato viwili.
Gosse mwenyewe, na goti lake bovu, anashuka vitano,
anashikilia chuma nilichomfungia ukutani,
anatukana kidato baada ya kidato.

Nami nilidhani ardhi inakwenda chini
kama mtu azamavyo matopeni.
Eelkje, binti yao, akanicheka.
"Haiendi chini, Wobbe. Inakwenda juu."

Akachota konzi ya udongo kando ya mtaro,
mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi
kama tumbaku iliyosahauliwa mfukoni.
Humo mlikuwa na utete. Utete wenyewe, niliushika,
uliokufa kabla mtu hajasimika gogo la kwanza hapa,
ukazama, maji yakaufunika, yakaunyima hewa,
na kisichopata hewa hakiishi kuoza:
mwaka juu ya mwaka, jani juu ya jani,
kaboni imelala kama nguo za harusi sandukuni.

Kisha tukaja na mitaro.
Kinu cha upepo, halafu pampu ya mvuke, halafu ya umeme,
maana trekta haipendi kulowa miguu
na ng'ombe wa maziwa mengi ni mzito.
Maji yakashuka. Hewa ikapenya.
Vijidudu vikaamka na njaa ya miaka elfu tatu,
vikala, vinakula, hata usiku huu
vinakula na kuhema,
na pumzi yao ndiyo shamba la Gosse
linalopita juu ya paa bila moshi, bila harufu,
bila mtu kupiga kengele ya moto.

Sentimita moja kwa mwaka. Si kitu.
Haba na haba hujaza kibaba, tunasema;
haba na haba hukimwaga vilevile.

"Tuzibe mtaro," Eelkje alisema mezani,
"maji yapande, yabaki shubiri moja chini ya nyasi."
Gosse alikuwa anakata jibini.
Kisu kilifika kwenye ubao, bado anakata.
"Ng'ombe themanini. Nitawavisha mabuti?"
"Tuwapunguze. Kule bondeni tupande matete,
wapo wanaoyanunua kutengenezea kuta."
"Baba yangu alipakausha hapa kwa mikono yake."
"Najua. Ndiyo maana goti linakuuma."
Tjitske, mama yao, akatumiminia kahawa
ambayo hakuna aliyeiomba.

Mwezi wa tatu Gosse akanipigia simu.
Nikapakia matofali, nikajua: kidato cha sita.
Nikamkuta mtaroni, si mlangoni,
tope limemfika ugokoni.
"Hapa," akasema. "Kizuizi kidogo.
Kisipofaa, kibomoke kwa urahisi."
"Kwa urahisi kiasi gani?"
Akatazama kando. "Jenga vizuri," akasema.

Nikatoa pimamaji yangu.
Miaka thelathini naiita hivyo, pimamaji,
na sijawahi kuipimia maji hata siku moja.
Kipovu kikayumba, kikatulia katikati.
Nyuma ya tofali la mwisho maji yakaanza kusimama,
polepole, kama mgeni
asiyejua kama amekaribishwa.

Ardhi iliyokwisha kupaa hairudi leo wala kesho,
Eelkje hakunificha hilo.
Vidato vitano vitabaki vitano.
Gosse alivipanda akivihesabu kwa sauti,
akageuka kizingitini kutazama
hekta mbili za bondeni zikianza kung'aa.
"Zitanuka," akasema.

Yalibaki matofali kumi na moja.
Nikamuuliza, niondoke nayo?
"Yaache," akasema. "Hatujui."